Mwongozo kamili wa kuchunguza wadudu nyumbani: chagua mmoja, kaa naye mpaka akuoneshe maisha yake

Ukitaja wadudu wengi wetu kinachokuja kichwani haraka ni dawa ya kupulizia na ndala mkononi, na sikatai, wapo wanaosumbua kweli, mbu na kunguni siwatetei hapa. Ila mimi nimeshamaliza masaa mengi nikiwa nimechuchumaa mbele ya mstari wa sisimizi na nasema kwa moyo wote hakuna starehe ya bure inayofundisha kama hiyo. Aina za wadudu ambazo wanasayansi wameshazipa majina zinafika kama milioni 1, yani zaidi ya nusu ya aina zote za wanyama tunaowajua, kwa hiyo popote ulipo wewe tayari umezungukwa, ni macho tu ndo hayajazoea.

Kosa la wanaoanza ni moja, wanataka kuwaona wote siku moja. Anakamata huyu, anakamata yule, anawajaza kwenye chupa, anapiga picha, kesho yake wamekufa wote na hajui hata walikuwa wanakula nini. Sasa hapa tutafanya kinyume chake: unachagua mmoja, unakaa naye dakika 20, kesho unarudi tena kwake, na wiki ijayo pia.

Hatua ya 1: vifaa (ni vichache sana)

Tafuta lensi ya mkononi inayokuza mara 10, hii ndo ya muhimu kuliko vyote, na namna ya kuitumia wengi wanakosea: unaisogeza lensi karibu kabisa na jicho lako, halafu unakisogeza kitu mpaka kionekane safi, sio kuishika mbali kama unasoma gazeti. Daftari na penseli, maana maandishi ya penseli yakilowa hayachuruziki. Brashi laini ya kuchorea, ya kumbebea mdudu, kwa sababu vidole vyetu vinavunja miguu yao bila sisi kujua. Chombo cha plastiki kinachopitisha mwanga. Tochi uliyoifunika kwa nailoni nyekundu, hii ni ya usiku, wadudu wengi rangi nyekundu hawaioni vizuri kwa hiyo wanaendelea na shughuli zao kama haupo. Na simu yako ya kupigia picha, basi.

Hatua ya 2: mjue unayemwangalia

Anza kwa kuhesabu miguu. Mdudu halisi ana miguu 6 na mwili wa sehemu 3, kichwa, kifua na tumbo. Ukiona miguu 8 huyo ni buibui, nge, kupe au ndugu zao, hao ni ukoo mwingine kabisa. Jongoo na tandu watu wanawachanganya sana: jongoo kwenye pingili zake nyingi ana jozi mbili za miguu kila pingili, anatembea taratibu, akishtuka anajikunja, na hang'ati, tandu ana jozi moja tu kwa kila pingili, ana mbio, na miguu yake ya mbele kabisa imegeuka kuwa kucha za sumu. Jongoo unaweza kumwacha apite juu ya kiganja ila ukimaliza nawa mikono kabla hujagusa macho, maana anatoa majimaji yanayowasha na kuacha doa. Tandu mwangalie kwa mbali, full stop.

Kiwavi naye anawachanganya watu maana anaonekana ana miguu mingi. Angalia vizuri kwa lensi: miguu ya kweli ni ile 6 midogo yenye ncha karibu na kichwa, hiyo mingine minene ya nyuma ni vijimguu vya nyama vyenye vindoano vidogo vidogo chini, ndivyo vinavyomfanya ashike jani hata kama upepo unavuma, na vitapotea akiwa kipepeo.

Usalama nauweka hapa hapa. Kiwavi mwenye manyoya usimshike, hata kama anavutia, manyoya ya baadhi yao yanawasha vibaya. Nyuki, nyigu na siafu waangalie bila kuwazuilia njia yao na usisimame mbele ya mlango wa mzinga. Kuna kale kadudu kembamba kenye mikanda ya rangi nyekundu na nyeusi kanakopenda mwanga wa taa usiku, kakitua kwenye ngozi kapulize kaondoke, usikapondeponde, sumu iko ndani ya mwili wake na ukikaponda ndo unajipaka mwenyewe, kesho yake una malengelenge. Na ukigeuza jiwe au gogo, livute upande wa mbali ili liwe kama ngao kati yako na kilichopo chini, ukimaliza lirudishe kama lilivyokuwa, maana pale chini ni nyumba ya watu.

Hatua ya 3: anza na sisimizi

Naanza na hawa kwa sababu wapo kila mahali na hawakimbii ukiwaangalia. Tone moja la maji ya sukari liweke juu ya kipande cha karatasi ngumu, mita moja hivi kutoka pale unapowaonaga wakipita. Kaa chini. Subiri. Atakuja mmoja, anazungukazunguka kama amepotea, mara papasi (zile nyuzi mbili za kupapasia kichwani) zinagusa tone, anasimama kabisa, anakunywa. Mtazame tumbo, linavimba mbele ya macho yako! Akishiba anageuka kurudi nyumbani, na hapa ndo pa kutumia lensi, utaona wengi wao wanagusisha ncha ya tumbo chini kila baada ya hatua kadhaa. Wanaandika barabara. Ile ni harufu, wataalamu wanaiita feromoni, na wenzake watakaoifuata wakikuta chakula nao wanaongeza ya kwao juu yake ndio maana njia inazidi kunoga, na sukari ikiisha hakuna wa kuongeza, harufu inafifia na njia inakufa yenyewe bila mtu yeyote kutoa amri.

Hesabu wanaopita sehemu moja kwa dakika 1, andika, rudia kila dakika 5. Ndani ya nusu saa unaona namba zinavyopanda.

Sasa majaribio. La kwanza, barabara ikishakolea pitisha kidole kukatisha mstari, mara moja tu. Wanaofika pale wanasimama ghafla, papasi zinatafuta hewani, wengine wanarudi walikotoka, panakuwa na foleni pande zote mbili mpaka atokee mmoja wa kuthubutu kuvuka. La pili, kabla ya yote tandika karatasi ndefu njiani kwao, waache watembee juu yake nusu saa, halafu uizungushe robo duara. Wakifika kwenye karatasi wengi wanaifuata njia ya zamani hata kama sasa inaelekea pembeni, wakifika mwisho wa karatasi wanachanganyikiwa. Sasa hivi umeona kwa macho yako kwamba macho hayawaongozi sana, ni harufu. La tatu, tia rangi ya chakula kwenye maji ya sukari, kama ni wale sisimizi wenye tumbo linalopitisha mwanga utaliona likibadilika rangi, na baadae utaiona rangi hiyo hiyo kwa mwenzake ambaye hajafika kwenye tone kabisa, kwa sababu wana tumbo la akiba kwa ajili ya jamii, wanapeana mdomo kwa mdomo.

Ila usidhani sisimizi wote wanategemea harufu. Wapo wa jangwani ambao mchanga unawaka moto na harufu haidumu, hao wanahesabu hatua. Mwaka 2006 watafiti walichapisha jaribio ambalo walikamata sisimizi waliokwisha fika kwenye chakula, wengine wakawaongezea miguu kwa vijiti vya nywele za nguruwe na wengine wakawafupisha miguu, halafu wakawaacha warudi. Wenye miguu mirefu walipitiliza nyumba yao, wa mifupi walianza kuitafuta kabla hawajafika. Mpaka leo nikimuona sisimizi peke yake anakatiza sakafu najiuliza ameshafika ngapi.

Hatua ya 4: mwindaji wa ukutani

Kwenye kuta zenye jua yupo kabuibui kadogo kasikotega utando, kanatembea kwa kushtuashtua na kuruka. Huyu ukimzoea utampenda. Ana macho 8, mawili ya mbele makubwa kama taa za gari, na ndiye anayekutazama na wewe. Weka kidole sentimita 20 kutoka kwake, kisogeze taratibu kulia, atageuka mwili mzima kukufuata, kisogeze kushoto, anageuka tena.

Ukibahatika kumkuta na nzi usipumue. Kwanza anajibana kama paka, anasogea nzi akitulia, nzi akigeuka naye anatulia, inaweza chukua dakika kadhaa, halafu kabla hajaruka anagusisha tumbo ukutani, hapo anagandisha uzi wa usalama, akikosa anabaki ananing'inia badala ya kuanguka. Ile nguvu ya kuruka haitoki kwenye misuli ya kunyoosha miguu kama yetu, buibui wananyoosha miguu kwa kusukumia majimaji ya mwili ndani yake, ndio maana buibui aliyekufa miguu yake yote imekunjika, presha imeisha.

Ambaye hana huyo na atafute mchanga mkavu sana mahali pasiponyeshewa, aone kama kuna vishimo vya umbo la faneli. Chini ya kila kimoja kuna lava, yani mtoto, wa mdudu ambaye akikua anapata mabawa na kufanana kidogo na kereng'ende. Dondosha chembe moja ya mchanga ukingoni, anaanza kurusha mchanga juu kwa kichwa ili aliyeingia ateleze hadi kwenye taya zake. Na jambo la kushangaza kuhusu huyu, muda wote wa ulava wake hana pa kutolea choo kigumu, uchafu anautunza mwilini mpaka abadilike.

Hatua ya 5: usiku

Hii nitaisema kifupi. Tundika shuka jeupe nje, weka taa mbele yake usiku usio na mbalamwezi na upepo mdogo, keti. Nondo watakuja, mbawakawa watakuja, na vunjajungu atafuata kula waliokuja. Piga picha za mgongo na za pembeni, sio moja tu, ukitaka kuuliza jina baadae kwenye iNaturalist, mtandao ambao watu wanasaidiana kutambua viumbe, picha moja mara nyingi haitoshi. Masaa mawili yanatosha kabisa, halafu zima taa na ukung'ute shuka taratibu, maana nondo akigandishwa na taa usiku kucha anakosa kula na kutafuta mwenza, na asubuhi ndege wanamkuta pale pale.

Mwanga wa mbinguni kwao ni jambo kubwa. Wapo mbawakawa wanaoviringisha mipira ya kinyesi kwa mstari ulionyooka usiku, na mwaka 2013 ilichapishwa kazi iliyofanyika Afrika Kusini ikionesha kwamba usiku usio na mwezi wanatumia ule mkanda mweupe wa nyota za Njia ya Maziwa. Waliwavalisha vikofia vya karatasi wasione juu, wakaanza kuzungukazunguka.

Hatua ya 6: mfuge kiwavi mpaka awe kipepeo

Hapa ndo moyo wa mwongozo huu, chukua muda wako.

Usimtafute kiwavi, tafuta dalili zake: majani yaliyoliwa pembeni na vipunje vyeusi vya kinyesi juu ya majani ya chini, ukiviona inua macho, yuko juu yake. Kwa anayeanza nashauri mti wa jamii ya limao au chungwa. Viwavi wake wakiwa wadogo wana rangi nyeusi na baka jeupe, unaweza kuapa ni kinyesi cha ndege, na ndege nao wanadanganyika hivyo hivyo. Wakikua wanakuwa wa kijani. Mguse kidogo na brashi, nyuma ya kichwa inachomoza pembe laini ya rangi ya chungwa yenye matawi mawili na harufu kali, ni silaha yake dhidi ya sisimizi na wengineo, haimdhuru binadamu.

Mchukue na tawi lake, usimbandue. Na uandike ni mti gani! Kiwavi wengi wanakula mmea mmoja au jamii moja ya mimea, unaweza kumzungushia majani mabichi ya kila aina akafa njaa katikati yake. Maria Sibylla Merian, Mjerumani aliyezaliwa 1647, alianza kufuga viwavi wa hariri akiwa na miaka 13 tu, na mwaka 1699 alipanda meli na binti yake mpaka Suriname kuchora wadudu, kazi yake ikatoka 1705, na alichofanya ambacho wengi kabla yake hawakukifanya ni kumchora kiwavi, pupa (hatua ya kati kabla hajawa kipepeo) na kipepeo wote juu ya mmea wao. Wakati huo bado walikuwepo watu wengi wanaoamini wadudu wanajitokea wenyewe kwenye matope na uozo. Yeye alikaa nao tu, akaangalia.

Nyumba yake iwe chombo kirefu, mdomo ufunikwe na kitambaa cha neti na mpira, chini tandika tishu. Tawi lisimamishe kwenye kichupa cha maji, mdomo wa kichupa uzibe kabisa na pamba, la sivyo atashuka na kuzama. Usimwekee maji ya kunywa, anayapata kwenye majani. Majani yabadilishe kabla hayajakauka, na yasiwe yamepuliziwa dawa, hili halina msamaha, jani moja lenye dawa linatosha. Chombo kisikae juani.

Kila siku ondoa kinyesi. Nasisitiza kwa sababu kiwavi wangu wa kwanza nilimfungia kwenye chupa yenye kifuniko, nikadhani ndo namlinda, ukuta wa chupa ukawa na ukungu wa maji, kinyesi kikaota fangasi, siku ya tatu nikamkuta amelegea, mweusi, ananing'inia kama uzi uliolowa. Iliniuma kweli. Unyevu na uchafu vinaua wengi kuliko njaa.

Kuna siku atagoma kula na kutulia tuli. Usimsogeze, anajivua ngozi. Angalia na lensi, ganda la kichwa cha zamani linasukumwa mbele kama kofia ndogo halafu linadondoka, na mara nyingi ngozi iliyovuliwa anaila. Kwa kawaida anajivua mara 4 akiwa bado kiwavi, na kila mara anatoka mkubwa zaidi.

Halafu siku moja anatoa kinyesi kingi cha majimaji, anaacha chakula, anaanza kutembea ovyo kama anayetafuta mlango. Sio ugonjwa. Hakikisha ndani kuna vijiti vimesimama. Huyu wa limao atachagua kijiti, atasokota kishikizo cha hariri cha nyuma, kisha atajizungushia uzi mmoja kiunoni na kuuegemea, kichwa juu, kama fundi wa umeme aliyejifunga mkanda kwenye nguzo. Jamii nyingine zinaning'inia kichwa chini. Hapo kaa karibu, maana ngozi ya mwisho inapasuka nyuma ya kichwa na kushuka kama soksi kwa dakika chache tu, na anayebaki ni pupa, wa kijani au wa kahawia, mara nyingi kufuatana na pale alipojishika.

Kwa nje haonekani kufanya kitu, ila ndani sehemu kubwa ya mwili wa kiwavi inavunjwavunjwa, na makundi madogo ya seli ambayo alikuwa nayo tangu utotoni yanakua kuwa mabawa, papasi na miguu mirefu. Muda unategemea aina na joto, wengi kwenye joto ni wiki mbili hivi, wengine miezi. Usimtikise kupima kama yuko hai.

Ganda likianza kuwa jeusi na rangi za mabawa kuonekana kwa ndani, ujue ni karibu, mara nyingi asubuhi. Anatoka kwa dakika chache, tumbo nene, mabawa madogo yamekunjika kama karatasi iliyolowa. Anapanda juu, ananing'inia, anaanza kuyasukumia majimaji ya mwili nayo yanafunguka taratibu. Huku mdomo wake mrefu umetoka ukiwa nusu mbili, anaukunja na kuukunjua mpaka nusu hizo zishikane ziwe mrija mmoja. Akidondosha matone mekundu au ya kahawia sio damu, ni uchafu wa kipindi cha upupa. Kitu kimoja tu kinahitajika kwako, nafasi ya kuning'inia. Akianguka mpe kijiti apande haraka, maana mabawa yakikaukia kwenye mkunjo hayanyooki tena maisha yake yote. Zaidi ya hapo usimguse masaa kadhaa.

Na inawezekana asitoke kipepeo. Unaweza ukakuta tundu pembeni mwa pupa na vijinyigu vidogo au nzi chomboni. Mama yao alitaga ndani ya kiwavi au juu yake kabla hata hujamchukua, watoto wakamla kwa ndani huku yeye anaendelea kula majani. Inasikitisha lakini usiwaue, umeshuhudia kitu ambacho Merian naye alikishangaa na kukichora, na ni moja ya sababu miti haimalizwi na viwavi. Andika tarehe, idadi, waachie waende.

Kipepeo muachie mchana kukiwa na joto na bila mvua, karibu na maua na karibu na mti ule ule. Atakaa kidoleni kidogo akitetemesha mabawa kupasha misuli, halafu anaondoka. Siku zinazofuata pita pale asubuhi ukaangalie majani machanga. Jike anatua, anapapasa jani kwa miguu ya mbele, maana anaonja kwa miguu, kama sio lenyewe anaruka jingine, kama ndilo anakunja tumbo sekunde moja na kuondoka. Nenda kwenye jani hilo na lensi, utakuta duara moja la njano iliyofifia, kama kichwa cha pini. Lipige picha, andika tarehe, na usilichume, safari hii mfuatilie hapo hapo mtini.